Mkojo wenye damu si kichocho kila mara: altrasaundi ya viputo na uvimbe wa figo

Huku pwani kwetu, kuanzia Mkinga hadi Pangani, mtu akikojoa damu jibu huwa tayari mdomoni: kichocho. Mara nyingi ndicho kweli. Anameza dawa, anapona. Swali mnalotuuliza ni hili: ukimeza dawa na damu ikarudi, je?

Hapo figo na kibofu viangaliwe, na mara nyingi huanzwa na altrasaundi, ile ile wanayopimwa akina mama wajawazito. Hupeleka mawimbi ya sauti mwilini na kusoma mwangwi wake. Inaweza kuonyesha kwamba kuna uvimbe. Ni uvimbe gani, hapo mara nyingine hukwama. Huenda ni mfuko wa maji tu, jambo la kawaida kwa wazee. Huenda ni nyama ya figo yenyewe imejikunja ikafanana na uvimbe. Huenda ni ule uvimbe adimu wa mafuta, misuli na mishipa ya damu, anjiomaiolipoma, ambao kwa kawaida si saratani lakini ukikua unaweza kupasuka na kuvuja damu. Na huenda ni saratani.

Ndipo vinapoingia viputo. Mgonjwa huchomwa sindano ya mshipa mkononi, yenye viputo vya gesi vidogo kama chembe nyekundu za damu. Husafiri na damu na kung'aa kwenye skrini. Mfuko wa maji hubaki mweusi. Nyama iliyojikunja hung'aa sawasawa na figo nzima. Uvimbe wenye mishipa yake hung'aa kwa namna yake. Daktari hutazama papo hapo kwa dakika chache, kisha gesi hutoka kwa pumzi. Hilo ndilo lililotuvutia zaidi, maana dawa ya rangi ya kipimo cha CT huchujwa na figo, na mwenye figo dhaifu hupewa kwa tahadhari. Viputo havipiti huko, wala hakuna mionzi.

Tusitie chumvi. Viputo havitenganishi saratani na uvimbe mwingine kila mara. Wengine bado watachukuliwa kinyama kidogo kipimwe maabara. Wala si kipimo cha kukikuta kila hospitali. Kwa mgonjwa wa huku, njia ni altrasaundi ya kawaida kwanza, hospitali ya wilaya au Bombo, kisha rufaa ikibidi.

Wenye watoto wadogo, sikilizeni hili. Kuna saratani ya figo ya watoto, uvimbe wa Wilms, inayowapata zaidi walio chini ya miaka 5. Tumbo huvimba, mara nyingi bila maumivu, na nyumbani watu husema ni bandama. Msilichue wala kulikanda tumbo hilo, uvimbe unaweza kupasuka. Ikiwahiwa inatibika, na Muhimbili wanatibu watoto wa namna hii. Mkifika kituoni, ombeni mtoto apigwe altrasaundi ya tumbo.