Mapumziko ya Wawili Kisiwani Mafia: Mashua, Matumbawe na Riziki ya Wenyeji



Mwinjili Marko, katika sura ya 6, anaeleza kuwa mitume waliporudi kutoka kazini Yesu aliwataka waende mahali pa faragha wapumzike, maana watu walikuwa wengi hata nafasi ya kula hawakuwa nayo. Wakaondoka kwa mashua. Waliposhuka pwani walikuta watu wamewatangulia, na jioni ilipofika watu wale walikuwa na njaa. Tunajifunza hapo mambo mawili. Kupumzika si uvivu, na mahali pa kupumzikia huwa pana watu wenye mahitaji yao.

Ofisi yetu ya miradi huulizwa mara kwa mara kuhusu mapumziko ya ufukweni. Wageni kutoka makanisa rafiki ya Ulaya, mara nyingi mume na mke, wakimaliza kutembelea sharika hutaka siku chache za bahari. Siku hizi wapo pia wanandoa wa sharika zetu wanaotaka kuadhimisha ndoa yao kwa namna hiyo. Swali lao huwa moja: twende wapi, na je, fedha yetu itamfikia mwenyeji? Katika toleo hili tunajibu kwa kutumia mfano wa Kisiwa cha Mafia.

Kisiwa na hifadhi yake

Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, mkabala na delta ya Mto Rufiji. Msafiri hufika kwa ndege ndogo kutoka Dar es Salaam kwa muda usiofika saa moja, au kwa chombo cha majini kutoka Nyamisati hadi Kilindoni. Mwaka 1995 sehemu ya kusini ya kisiwa ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Bahari, ya kwanza nchini Tanzania, yenye ukubwa wa kilometa za mraba 822. Ndani yake imo Ghuba ya Chole pamoja na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo.

Jambo la kuelewa ni kwamba hifadhi hii ina vijiji ndani yake. Watu wanaishi, wanalima na wanavua humo. Yako maeneo ambayo hayavuliwi kabisa ili samaki wazaliane, na yako mengine yanayovuliwa kwa masharti ya aina ya nyavu na zana. Kwa hiyo bahari tulivu ambayo wageni wawili wanaogelea asubuhi ni ile ambayo mvuvi amezuiwa kutega, au ameruhusiwa kwa masharti. Yeye ametangulia kulipa gharama. Ni haki naye aone faida.

Siku hupangwa na maji

Mgeni asishangae nahodha akimwambia safari ni saa moja asubuhi leo, na kesho ni karibu saa mbili. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kidogo. Wakati wa bamvua maji hutoka mbali sana, mashua hukaa juu ya mchanga, na mafungu ya mchanga huibuka katikati ya bahari kwa saa chache tu. Wakati wa maji mafu tofauti huwa ndogo na mkondo hupungua nguvu. Nahodha mzuri hupanga kuogelea maji yanapotulia, na kurudi kabla hayajakauka.

Upepo nao una majira yake. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kukiwa na joto. Masika ya Machi hadi Mei huleta mvua nyingi, na baadhi ya hoteli hufungwa Aprili na Mei. Kusi hufuata, na hali ya hewa huwa ya ubaridi kidogo. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye hula viumbe vidogo sana vya majini na hana madhara kwa mtu, huonekana zaidi upande wa Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi.

Matumbawe ni shamba la samaki

Wengi hudhani matumbawe ni mawe. Ni viumbe hai, wanyama wadogo sana wanaojenga nyumba za chokaa. Aina nyingi za mviringo hukua takriban sentimita 1 kwa mwaka. Nanga moja ikitupwa ovyo inaweza kuvunja kwa dakika moja kilichojengwa kwa miaka 50. Samaki hujificha na kulelewa humo, na miamba hiyo huvunja mawimbi kabla hayajapiga pwani.

Mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya Mafia yalipauka na kufa. Baruti za wavuvi haramu nazo zimeharibu miamba katika sehemu nyingi za pwani yetu. Joto la bahari hatuwezi kulizuia kwa mashua moja. Lakini mwamba usiokanyagwa wala kupigwa nanga hupona haraka zaidi.

Fedha hufika wapi?

Kila mgeni anayeingia hifadhini hulipa kiingilio, na sehemu ya mapato ya hifadhi imekusudiwa kurudi katika maendeleo ya vijiji. Mgeni na adai stakabadhi. Fedha isiyo na stakabadhi haijengi darasa. Kinachobaki kinategemea uchaguzi wa wageni wenyewe. Wakilipia kila kitu kwa wakala wa mbali, kijijini hubaki kidogo. Wakipanda mashua ya mwenyeji, wakala pweza au samaki aliyevuliwa hapo, wakanunua mikeka ya akina mama na kumlipa kijana awatembeze kwenye magofu ya Kua kule Juani, fedha huingia nyumba kadhaa kwa siku moja.

Ushauri wetu kwa wanandoa wanaokwenda

1. Sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya safari. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia Mei 2024. Nahodha akisema leo hatutoki, msimshawishi kwa fedha.
2. Kila abiria avae jaketi la kujiokolea, hata anayejua kuogelea.
3. Mwombeni nahodha afunge mashua kwenye boya au atie nanga mchangani. Msisimame juu ya matumbawe.
4. Mkiona papa potwe au kasa, msimguse, msimzibie njia, wala msimpige picha kwa mwanga mkali.
5. Msinunue makombe, matumbawe wala magamba ya kasa. Mteja akikosekana, biashara hufa.
6. Rudini na taka zenu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019.
7. Wenyeji wengi ni Waislamu. Nguo za kuogelea ni za ufukweni. Kijijini jistirini, na mwezi wa Ramadhani msile hadharani mchana.

Sharika zilizo pwani tunaziomba zizungumze haya na wageni wao kabla hawajaondoka, maana mgeni hufuata alichoambiwa na mwenyeji wake. Mume na mke wanaorudi wamepumzika, na nyuma yao wameacha mwamba mzima na nahodha aliyelipwa haki yake, wameshiriki kazi ya maendeleo kama sisi tulio ofisini. Mungu awabariki katika safari zenu.