Droni Huanzia Mezani

Fundi wa simu anayeweza kubadilisha tundu la chaji bila kuunguza bodi tayari ana sehemu kubwa ya ujuzi wa kuunda droni. Nalisema hili mapema kwa sababu vijana wa Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, wanaoipenda kazi hii huuliza kwanza bei, kisha kamera. Ningependa waanze na swali jingine: chombo kile kinasimamaje hewani?

Droni ya propela nne haina mkia wala usukani. Ina fremu ya nyuzi za kaboni, mota nne, kidhibiti cha kasi kwa kila mota, betri, kipokezi cha rimoti, na bodi ndogo yenye jairoskopu, kihisi cha mzunguko wa mwili. Mota mbili zinazotazamana kwa mshazari huzunguka kufuata mwendo wa saa, mbili nyingine kinyume chake. Msokoto wa jozi moja hufutwa na wa jozi ya pili, la sivyo mwili wote ungezunguka kama pia. Ukitaka droni igeuze pua, bodi huongeza kasi ya jozi moja na kupunguza ya nyingine. Nguvu ya kuinua inabaki ile ile, mwili unageuka. Ukitaka iende mbele, mota za nyuma huongezewa kasi, droni inainama, na sehemu ya nguvu ya kuinua inakuwa nguvu ya kusukuma. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kusawazisha mota nne kwa wakati mmoja. Kazi hiyo hufanywa na programu inayosoma jairoskopu maelfu ya mara kwa sekunde. Betaflight, mojawapo ya programu hizo, ni huria: hailipiwi, na mwanafunzi wa kompyuta anaweza kuifungua akasoma jinsi inavyofikiri. Kwangu mimi hilo ni zawadi kubwa kuliko droni yenyewe.

Sasa kamera. Kwingine imekuwa chombo cha masomo. Zanzibar, kuanzia 2016, wanafunzi wa chuo kikuu cha taifa walirusha droni kuchora ramani ya visiwa vyao. Lilongwe, Malawi, kilifunguliwa chuo cha droni mwaka 2020 kwa msaada wa UNICEF. Kwetu hali ni nyingine: droni inakumbusha vita. Umoja wa Mataifa ulianza kurusha droni za upelelezi kutoka Goma mwezi wa Desemba 2013, na tangu 6 Mei 2021 Kivu ya Kaskazini imewekwa chini ya utawala wa kijeshi. Watu wa Beni wamezika ndugu wengi mno tangu mauaji ya raia yaliyoanza 2014. Mlio wa chombo kisichojulikana juu ya mtaa unaweza kuwafanya akina mama wakusanye watoto na kukimbia, na askari wa doria hana namna ya kujua kwamba aliyeshika rimoti ni mwanafunzi. Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: usirushe kitu nje bila kibali cha maandishi, cha mamlaka ya usafiri wa anga na cha wakuu wa usalama wa mji, na usikaribie kabisa uwanja wa ndege wa Mavivi, Beni, au wa Rughenda, Butembo.

Lakini sehemu kubwa ya mafunzo haihitaji anga. Inahitaji meza.

Vipuri hufuata njia zile zile za bidhaa nyingine za Butembo: wafanyabiashara wetu wanaijua Guangzhou na Dubai, na mizigo huingia kupitia Kasindi, mpakani na Uganda. Anayembebea mwenzake betri kwa ndege akumbuke kwamba betri za lithiamu zisizofungwa ndani ya kifaa hazipakiwi kwenye mzigo wa chini. Hubebwa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa.

Kwenye betri ndipo mafundi wetu hujaribiwa. Seli za mviringo zinazotolewa kwenye laptopu zilizokufa zinapatikana kwa urahisi, na zinafaa kwa tochi. Kwa kawaida zimetengenezwa kutoa amperi chache tu, wakati droni yenye propela za inchi 5 inaweza kuvuta zaidi ya amperi 100 ikisukumwa hadi mwisho. Seli itachemka, volti itaporomoka, droni itaanguka. Betri ya LiPo (lithiamu-polima) ndiyo inayofaa, nayo ina masharti: kila seli isizidi volti 4.2 ikijaa, isishuke chini ya 3.5 ikiwa kazini, na ikae kwenye 3.8 ikiwekwa kabatini. Ikivimba, usiichaji tena. Chaja ya kusawazisha seli inaweza kutumia betri ya gari ya volti 12 iliyojazwa na paneli ya jua, jambo la manufaa umeme ukikatika, ila usilale ukiiacha ikichaji.

Chuma chembamba cha kulehemu simu hakitoshi kwa nyaya nene za betri. Joto linakimbilia kwenye shaba, na kiungo kinabaki baridi na dhaifu. Tafuta cha wati 60. Kabla ya kuunganisha betri mara ya kwanza, pitisha umeme kwenye balbu ya indiketa ya gari: ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti, na balbu imeiokoa bodi yako. Wakati wote wa majaribio ya mezani propela ziwe zimetolewa. Propela ya inchi 5 hukata kidole.

Mafundisho mengi yanayopatikana yameandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Butembo iko juu kwa mita 1,700 na zaidi, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na ya pwani kwenye joto lile lile. Ili droni ya uzito ule ule isimame hewani, propela lazima zizunguke haraka zaidi kwa takriban asilimia 10, na nguvu inayotumika hupanda karibu kiasi hicho hicho. Beni, iliyo chini zaidi, hasara ni ndogo kidogo. Punguza uzito, kwa hiyo, kabla ya kununua mota kubwa.

Kuruka kwenyewe kuanze na kiigizo kwenye kompyuta, rimoti ikiwa imeunganishwa kwa waya. Kuanguka huko hakuvunji kitu. Kisha chukua droni ndogo ya seli moja, isiyofika gramu 30, yenye vikinga kuzunguka propela na isiyo na kamera, uirushe darasani au ukumbini kwa ruhusa ya mwenye jengo. Ifanye isimame hewani kwenye kimo cha kiti. Ukiweza, igeuze pua ikutazame: sasa kulia kwake ni kushoto kwako, na vidole vitakosea mara nyingi kabla ya kuzoea. Panga viti vinne, uvizunguke kwa pande zote mbili bila kugusa. Atakayefika hapo ana sababu ya kuandika barua za kuomba vibali nilivyotaja, akianzia ofisi ya meya, na kutaja uwanja, saa, na majina ya watakaokuwepo.