Figo la mtoto kwa mtu mzima: mama ajue nini?

Juma lililopita, tulipomaliza kukusanya likelemba yetu, mama mmoja alituuliza swali zito. Mafigo yote mawili ya mume wake yameacha kazi, sasa anaishi kwa dialize. Katika kikao cha jamaa, mkubwa mmoja alisema: «Mtoto wenu wa kwanza ana miaka 14. Damu ni moja. Atoe figo moja, amwokoe baba yake.» Mama akatuuliza: «Nikikataa, si nimemuua mume wangu?»

Tulikosa jibu, tukaenda kutafuta kwa wenye kujua.

Ni kweli, figo la mtoto linaweza kufanya kazi ndani ya mtu mzima. Lakini katika nchi zinazofanya hivyo, kama Marekani, hayo ni mafigo ya watoto waliokwisha kufa, kwa mfano kwa ajali, na wazazi wao wakakubali kuyatoa. Mtoto akiwa mdogo sana, figo lake moja halitoshi kusafisha damu ya mtu mzima. Kwa hiyo madaktari huchukua yote mawili pamoja na kuyaunga kwa mgonjwa mmoja. Hatari kubwa ni siku za kwanza, maana mishipa ni midogo na damu inaweza kuganda ndani yake. Hatari hiyo ikipita, mafigo yale hukua katika miezi inayofuata, na mara nyingi hufanya kazi vizuri kwa miaka mingi. Lakini mgonjwa atameza dawa kila siku, ili mwili wake usiyakatae.

Mtoto aliye hai ni jambo lingine kabisa. Mwaka 2010, Mkutano wa Afya wa Dunia ulipitisha kanuni za utoaji wa viungo. Zinasema mtoto aliye hai asitolewe kiungo, isipokuwa katika hali chache sana zilizowekwa na sheria ya nchi. Pia zinakataza kuuza na kununua viungo. Sababu inaeleweka: mtoto wa miaka 14 hawezi kusema «hapana» mbele ya wakubwa wote wa jamaa.

Mtoaji anayefaa ni mtu mzima, mwenye afya, anayekubali kwa hiari yake baada ya kupimwa. Ndugu wa mume ndio wa kuulizwa kwanza. Hata Muhimbili, Dar es Salaam, walipoanza kupandikiza figo mwaka 2017, walianza na ndugu watu wazima.

Basi, mama, kumkinga mtoto si kumuua baba. Rudi kwa jamaa na uwaambie: «Wakubwa wapimwe kwanza.» Usiende peke yako, wawili kati yetu watakusindikiza.

Nasi wengine, tupime tansio na sukari, maana hayo mawili ndiyo yanayoharibu mafigo ya wengi. Na tuache kumeza vidonge vya maumivu kila siku bila kumwona daktari.