Kubadilisha jina la ekipe: nani ana haki ya kusema ndiyo?

Mara nyingi inaanza hivi. Prezida wa ekipe anaita wandishi wa habari, anatangaza kwamba amepata mtu wa kutia feza. Watu wanapiga makofi. Kisha anaongeza neno moja: huyo mtu anaomba jina la ekipe libadilike kidogo. Jioni ile ile mji unagawanyika. Kwenye kituo cha motari mmoja anasema: «Jina haichezake mupira, watupatie feza tu!» Mwenzake anamjibu: «Papa yangu alinileta kiwanjani juu ya ile jina. Mukiitosha, mutatosha na papa yangu.»

Wote wawili wako na sababu. Ekipe bila feza haisafiri, haina viatu, wachezaji wake wanaenda kwingine. Lakini ekipe bila jina lake inaweza kuamka asubuhi na kukuta watu wake hawaitambui tena. Katika makala hii tunaeleza majina ya ekipe zetu yalitoka wapi, yalibadilika namna gani, na maulizo gani shabiki anapaswa kuuliza kabla ya kukubali ao kukataa.

Majina yetu yamepita mikono mingi

Tuanze na ukweli moja ambao wengi wanasahau: ekipe kubwa za Kongo karibu zote zilishabadilisha jina. Anayesema «jina la ekipe halibadilishwi kamwe» hajui historia ya ekipe yake.

Tuchukue TP Mazembe. Mwaka wa 1939, huko Élisabethville, mji ambao leo tunaita Lubumbashi, watawa Wabenedikto walianzisha ekipe kwa ajili ya vijana wa skuti. Waliiita Saint-Georges, kwa sababu huyo ndiye mtakatifu mlinzi wa maskuti. Miaka michache kisha ikawa Saint-Paul. Watawa walipoiacha, ikachukua jina la Englebert, ambalo lilikuwa jina la matairi ya gari. Ndiyo, matairi! Na ilipochukua ubingwa bila kushindwa, ikajiongezea sifa ya Tout Puissant, ni kusema mwenye nguvu zote. Hapo ndipo ile «TP» inatoka.

Chini ya jina hilo la matairi, TP Englebert ilichukua Kombe la mabingwa wa Afrika mwaka wa 1967 na wa 1968. Baadaye, chini ya jina la TP Mazembe, ikalichukua tena mwaka wa 2009, 2010 na 2015. Na mwezi wa 12 mwaka wa 2010, huko Abu Dhabi, ikawa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika finali ya Kombe la dunia la clubs. Inter ya Milano iliifunga 3-0, lakini usiku ule watu walicheza barabarani toka Lubumbashi hadi huku kwetu.

Kinshasa nako ni vile vile. AS Vita Club iliitwa zamani Victoria Club. Jina la kizungu likaondoka, Vita likaingia, lakini shabiki hakuhangaika sana, kwa sababu kinywani mwake aliendelea kusema «V.Club», na ile V inafaa majina yote mawili. Majirani wao wa rangi ya kijani na nyeupe waliitwa Daring, kisha Imana, na leo ni Daring Club Motema Pembe. Jina la Daring lilirudi, Motema Pembe, ni kusema moyo mweupe kwa Lingala, likaongezwa, na bado hadi leo utasikia watu wakiita ekipe hiyo Imana.

Tunajifunza nini hapo? Kwamba katika kila badiliko, kuna kitu kilibaki: TP kwa wamoja, V kwa wengine, rangi za maillot kwa wote. Shabiki alipewa daraja la kuvukia toka jina la zamani kwenda jina jipya. Na kingine: jina halikuja na heshima yake. Englebert lilikuwa jina la matairi tu. Wachezaji ndio walilifanya kuwa jina la kutisha Afrika nzima. Ndiyo maana mtu akikuambia jina jipya «ni kubwa zaidi» kuliko la zamani, anakudanganya kidogo. Jina jipya ni gunia tupu. Litajazwa na michezo, na inaomba miaka.

Jina likitoka juu

Kuna pia majina yaliyobadilishwa kwa amri ya siasa. Wazee wetu wanakumbuka ile miaka ya authenticité, wakati inchi ilipoitwa Zaïre tangu mwezi wa 10 mwaka wa 1971, na watu wenyewe wakaacha majina yao ya ubatizo. Mpira haungepona peke yake.

Mufano unaojulikana zaidi ni ekipe ya taifa. Mwaka wa 1974, Léopards wa Zaïre walishinda Kombe la Afrika huko Misri, na mwaka ule ule wakacheza Kombe la dunia huko Ujerumani ya Magharibi. Lakini chui alikuwa pia alama ya utawala wa Mobutu. Utawala ulipoanguka mwaka wa 1997, chui akafukuzwa naye, na ekipe ya taifa ikaitwa Simba. Je, ilidumu? Hapana. Miaka ikapita, na Léopards wakarudi. Leo mtoto aliyezaliwa kisha Mobutu kufa anavaa maillot ya Léopards bila kufikiria siasa hata kidogo. Kwake, chui ni Kongo.

Hiyo inaonyesha kwamba serkali inaweza kuandika jina kwenye karatasi kwa siku moja. Kuliondoa kwenye kumbukumbu ya watu ni kazi nyingine.

Mashabiki waliosema hapana: Hull City

Sasa tutoke kidogo Kongo, kwa sababu kuna mji moja ambapo mabishano haya yalifanyika wazi, na hesabu zake zinajulikana. Ni mji wa Hull, bandari ya kaskazini-mashariki ya Uingereza. Ekipe yake, Hull City, ilianzishwa mwaka wa 1904. Mashabiki wanaiita pia Tigers.

Mwaka wa 2010, mfanyabiashara mmoja mzaliwa wa Misri, Assem Allam, aliinunua ekipe hiyo wakati ilikuwa imezama ndani ya madeni. Aliiokoa, na mwaka wa 2013 ikarudi katika ligi kubwa ya Uingereza. Hapo ndipo akasema: tuondoe neno City, tuitwe Hull Tigers. Hoja yake ilikuwa ya biashara. Jina fupi linauzika vizuri duniani, na ekipe zinazoitwa City ni nyingi sana.

Angalia vizuri: Tigers lilikuwa tayari jina la mashabiki wenyewe. Hawakulichukia. Walichokataa ni mtu moja kuchukua jina lao la utani na kufukuza nalo jina la baba zao. Walianzisha kundi lililoitwa City Till We Die, ni kusema «City hadi tufe». Mwenye ekipe akajibu kwamba wanaweza kufa wakati wowote wanaotaka, mradi wawaachie ekipe wale wengi wanaotaka tu kuona mpira mzuri. Neno hilo liliumiza kuliko badiliko lenyewe.

Kisha mwaka wa 2014 ekipe ikapanga kura kwa wenye tiketi za msimu mzima. Walikuwa 15.033. Waliojibu ni 5.874 tu. Waliosema ndiyo ni 2.565, waliosema hapana ni 2.517, na 792 walisema kwao hakuna shida. Tofauti ya kura 48! Lakini kuna jambo lingine la kuona. Jibu la «ndiyo» liliandikwa pamoja na ahadi kwamba familia ya Allam itaendelea kuongoza ekipe. Ni kusema, shabiki hakuulizwa juu ya jina peke yake. Aliulizwa juu ya jina na juu ya feza kwa pigo moja.

Siku ya tarehe 9 mwezi wa 4 mwaka wa 2014, shirikisho la mpira la Uingereza likapiga kura na kukataa badiliko hilo. Mwaka wa 2015 likakataa tena. Mwenye ekipe alikasirika, akaitangaza kwamba inauzwa. Kuuzwa kwenyewe kulikamilika mwaka wa 2022. Jina bado ni Hull City.

Tuseme ukweli wote: mashabiki walilinda jina, lakini walibaki na mwenye ekipe mwenye hasira kwa miaka mingi. Kushinda pia kuko na bei yake.

Na hapa kwetu, nani anaamua?

Ekipe nyingi za Kongo ni ASBL, shirika lisilotafuta faida. Shirika kama hilo liko na statuts, na jina la ekipe limeandikwa humo. Kwa hiyo prezida hawezi kulibadilisha kwenye mkutano na wandishi wa habari. Ni baraza kuu la wanamemba ndilo linabadilisha statuts, na kisha ligi na FECOFA zinajulishwa, sababu leseni za wachezaji zinabeba lile jina.

Lakini hapo kuna mtego. Shabiki si lazima awe mwanamemba. Unaweza kuimba kiwanjani miaka 30, na siku ya baraza ukakosa hata kiti cha kukaa, sababu hukujiandikisha. Wengi wanagundua hilo wakati ni kuchelewa.

Kwa hiyo, siku komite itakuja na jina jipya, kabla ya kurusha mawe ao kupiga makofi, tuulize maulizo haya:

Feza inayoahidiwa ni ya miaka ngapi, na iko wapi kwenye mkataba? Huyo mtu akienda, je, jina lake litabaki juu ya ekipe yetu kama kibao cha duka lililofungwa?

Ni nini kitabaki: rangi, alama, kifupi cha jina, mwaka wa kuanzishwa?

Nani atapiga kura, na kura itauliza jambo moja ao mawili kwa pamoja?

Je, haiwezekani kuandika jina la mfadhili kwenye maillot na kwenye kiwanja, na kuacha jina la ekipe lilivyo?

Huku mashariki tuko na bahati moja. Majina mengi ya ekipe zetu yanasema lugha yetu ao yanataja mahali petu: Muungano na Dawa kule Bukavu, Virunga kule Goma, Nyuki kule Butembo, Maniema Union kule Kindu. Mtoto hahitaji kufasiriwa. Siku moja mtu atakuja na feza na jina lingine, na pengine atakuwa mtu mwema. Tumpokee, tumpe kiti, tumsikilize. Lakini tujiandikishe kwanza kama wanamemba, ili siku hiyo tuwe ndani ya chumba cha baraza, si nje kwenye kituo cha motari.