Defansere wa Tribinali: Kazi kwa Mtoto Wako?

Ndugu mzazi wa Kisenge, mtoto wako amepata diploma ya Serikali na anapenda sheria. Unawaza: «Avoka? Miaka 5 ya iniversite, kisha staji miaka 2! Feza itatoka wapi?» Usikatae mbio. Kuko defansere.

Sheria ya 1979 iliyopanga kazi ya avoka ilipanga na yake. Graduat ya sheria, miaka 3, ilitosha. Sasa graduat inaondoka, LMD inaingia; basi uliza kwanza kwenye fakulte ya sheria, Kolwezi, wanahesabu namna gani. Jina lake litaandikwa katika orodha ya tribinali kubwa. Atatetea watu pale na kwa tribinali ya amani, Tripaix. Kule juu, kwa kur dapel, ni avoka.

Mshahara wa mwezi hakuna. Anakula kwa malipo ya watu anaowatetea, na wengi ni maskini. Lakini kazi iko: nyumba ya mjane, shamba, mufanyakazi aliyefukuzwa. Huyu, kwa sheria ya 2002, lazima apite kwanza kwa enspektere wa kazi kutafuta mapatano, la sivyo tribinali haitapokea shauri. Wangapi wanajua?

Na wewe mwenye shauri, mbele ya kutoa feza, uliza: jina lake liko kwenye orodha?