Miereka Ndani ya Karate

Aghalabu karate itajwapo, fikra za watu huenda kwenye ngumi na teke. Kubwagana huachiwa judo. Dhana hiyo ni potofu. Gichin Funakoshi, mwalimu aliyetoka Okinawa kwenda Tokyo mwaka 1922, alieleza mbinu tisa za kubwaga katika kitabu chake Karate-do Kyohan cha mwaka 1935. Wako wanaodhani kwamba miereka hiyo ni mkopo tu kutoka judo. Lakini Okinawa ilikuwa na mieleka yake ya kienyeji, tegumi, ambayo Funakoshi mwenyewe aliicheza utotoni. Na sanaa za mapigano za China, zilizoacha athari kubwa kisiwani humo, zilikuwa na mishiko na miereka tangu kale.

Tuchukue mbinu moja, byobu-daoshi, yaani kuangusha kiwambo cha kukunjwa. Anayejihami huudaka mkono wa hasimu, humsukuma kidevuni, na papo hapo huutega mguu wake kwa nyuma. Kwa nini kidevu, si kifua wala kiuno? Jibu limo katika somo la momenti.

Hebu tukadirie kwamba hasimu ana uzito wa nyutoni 600, na kwamba mstari wa kitovu chake cha uzito unapita mita 0.2 mbele ya kisigino cha nyuma, ambacho ndicho egemeo. Momenti inayomsimamisha ni 600 × 0.2, yaani nyutoni-mita 120. Kani ya nyutoni 100 ikimsukuma kiunoni, mita 1 kutoka ardhini, huzaa nyutoni-mita 100 tu: haanguki. Kani hiyohiyo kidevuni, kwenye mita 1.5, huzaa 150. Sasa anapinduka.

Mwili, hata hivyo, si gogo. Anayeyumba hurudi hatua moja nyuma, akajipatia egemeo jipya. Kazi ya mtego, basi, ni kuinyima miguu hatua hiyo. (Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa sanduku refu na uzi, wanafunzi wasijaribiane sakafuni.)

Kichwa kikianguka kutoka mita 1.5, hata bila kusukumwa, hutua kwa kasi ya zaidi ya mita 5 kwa sekunde. Ndiyo maana kanuni za mashindano zilizotumika katika Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, zilimtaka anayebwaga amshikilie mwenzake mpaka atue, na zilikataza mwereka ambao egemeo lake limepita kimo cha nyonga.