Kwa Nini Supamaketi za Minnesota Haziuzi Mvinyo

Mkenya aliyezoea kununua mvinyo na unga katika supamaketi moja hushangaa akihamia Minnesota. Anaingia duka kubwa la vyakula, anakuta bia hafifu kwenye friji, mvinyo hauoni. Akiuliza, pengine ataambiwa atoke nje, azunguke, aingie kwa mlango mwingine wa jengo lilelile. Mwenye mali ni mmoja, ila sheria inataka duka la pombe liwe na mlango wake na leseni yake. Mara kwa mara huletwa muswada katika Bunge la jimbo hilo ili maduka ya vyakula yaruhusiwe kuuza mvinyo na bia ya kawaida. Hadi leo hakuna uliopita.

Ili kuelewa kinachogombaniwa, turudi nyuma kidogo. Kuanzia 1920 Marekani ilipiga marufuku pombe nchi nzima, na sheria ya kuitekeleza marufuku hiyo ilibeba jina la Andrew Volstead, mbunge kutoka Minnesota hiyohiyo. Aprili 1933, marufuku ikiwa bado haijafutwa, serikali ya shirikisho iliruhusu bia isiyozidi asilimia 3.2 ya kilevi kwa uzito, yaani kama asilimia 4 kwa ujazo. Hoja ilikuwa kwamba bia ya kiwango hicho hailevyi. (Wanywaji wa wakati huo sidhani kama waliulizwa.) Desemba mwaka huohuo Badiliko la 21 la Katiba liliifuta marufuku na kuyapa majimbo mamlaka makubwa juu ya pombe, na ndiyo maana hadi leo kila jimbo lina kanuni zake.

Majimbo kadhaa yaliigeuza ile 3.2 kuwa mpaka wa biashara: bia isiyoizidi iuzwe hata kwenye duka la vyakula, inayoizidi iende duka la pombe. Oklahoma iliuacha mpaka huo Oktoba 2018. Colorado, Kansas na Utah zikafuata mwaka 2019. Minnesota imebaki peke yake, na kwa kuwa soko la bia hiyo limesinyaa, viwanda havina tena sababu kubwa ya kuitengeneza. Friji ya bia katika supamaketi za huko inazidi kuwa na uchaguzi mdogo.

Wengi hawajui kwamba ukuta huu kati ya duka la vyakula na la pombe unambana pia mwenye duka la pombe. Sheria ya Minnesota inaorodhesha bidhaa ambazo duka la pombe linaweza kuuza zaidi ya pombe yenyewe: sigara, barafu, soda na vinywaji vya kuchanganyia, glasi, vizibuo, vitabu vinavyohusu vileo, fulana zenye jina la duka. Matunda ya jamii ya machungwa, ndimu na limau yamo, maana hutiwa kwenye vinywaji. Mkate haumo, wala maziwa. Kwa hiyo muswada unapoiruhusu supamaketi kuuza mvinyo bila kumruhusu mwenye duka la pombe kuuza chakula, unampa mmoja bidhaa za mwenzake na kumwacha huyo mwenzake na rafu zilezile. Hapo ndipo hasira ya wafanyabiashara wadogo inapotoka, na naona wana haki ya kukasirika.

Upinzani mwingine hutoka mahali ambapo mgeni hapatarajii: halmashauri za miji. Zaidi ya miji mia moja ya Minnesota inamiliki maduka yake ya pombe. Edina, Lakeville na Eden Prairie ni mifano. Faida huingia katika mfuko wa mji, ikasaidia bustani za umma au kupunguza mzigo wa kodi ya majengo. Meya wa mji kama huo akisema anapinga muswada kwa ajili ya afya ya vijana, huenda anasema kweli, lakini angalia pia bajeti yake.

Wanaounga mkono nao wana hoja nzito: mnunuzi anapata kila kitu kwa safari moja, na majimbo mengi tayari yanaruhusu. Cha kuchekesha ni kwamba tangu Julai 2022 Minnesota imehalalisha vinywaji vyenye kemikali ya bangi inayotokana na katani (hemp), kwa kiwango kidogo, na duka la vyakula lenye kibali linaweza kuviuza. Mvinyo wa chakula cha jioni bado hauruhusiwi.

Anayetaka kujua yatakayotokea ukuta ukianguka aitazame Colorado. Huko mabadiliko yalikuja kwa hatua. Bia ya kawaida iliingia maduka ya vyakula Januari 2019, baada ya sheria iliyotungwa mwaka 2016, hivyo wenye maduka ya pombe walipata muda wa kujipanga. Mvinyo ulikuja kwa njia nyingine. Novemba 2022 wananchi wenyewe walipiga kura, pendekezo likapita kwa kura chache, na ilipofika Machi 1, 2023 leseni za bia za maduka ya vyakula zikageuka zenyewe kuwa leseni za bia na mvinyo. Miezi minne tu. Hakukuwa na maombi mapya duka kwa duka, wala kikao cha kuwauliza majirani. Katika uchaguzi huohuo pendekezo la kumwezesha mmiliki mmoja kufungua maduka mengi zaidi ya pombe lilikataliwa. Mwenye duka dogo alipata mshindani mpya, na mlango wake wa kupanuka ukabaki mwembamba.

Kwa maoni yangu, Minnesota nayo itaruhusu mvinyo siku moja. Mpaka wa 3.2 hauna tena mantiki. Swali ni sheria hiyo itaandikwaje. Ninayoiona ya haki ingetoa muda wa miaka kadhaa, ingefungua rafu za duka la pombe kwa vyakula, na ingeziachia halmashauri neno la mwisho juu ya idadi ya leseni.

Msomaji mwenye duka la vyakula au la pombe kule, au anayetaka kulifungua, asiishie kwenye kichwa cha habari. Atafute vifungu vitatu: nani anastahili leseni, leseni ngapi kwa mmiliki mmoja, na tarehe ya kuanza kutumika. Ugeni usimtishe kupita kiasi, kwani mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria ya Tennessee iliyomtaka mwombaji wa leseni ya duka la pombe awe ameishi jimboni miaka miwili kwanza. Na asisubiri kura ya mwisho. Kikao cha Bunge la Minnesota hufungwa mwezi Mei, na miswada huamuliwa mapema zaidi, ndani ya kamati, ambako mwananchi anaweza kuomba nafasi ya kutoa maoni. Wenye supamaketi huwa wamo ukumbini, nawe nenda.